Kuwatenganisha tongo kahawia na tongo mgongo-mwekundu: dalili, sababu na namna ya kuhakikisha

Kuanzia Watamu na Malindi hadi Mambrui, ndege wawili wadogo wala mbegu huishi katika vichaka na nyasi zile zile, na watu wanaoanza kuweka kumbukumbu za ndege wa pwani huwachanganya sana. Wa kwanza nitamwita tongo kahawia, ambaye jina lake la kitaalamu ni Spermestes cucullata. Wa pili nitamwita tongo mgongo-mwekundu, ambaye orodha nyingine humwita Spermestes nigriceps na nyingine humhesabu kuwa tawi, yaani jamii ndogo, la Spermestes bicolor. Majina hayo ya Kiswahili nimeyaweka kwa ajili ya mwongozo huu, kwa kuwa mtaani ndege hawa hawatengwi, na wengi huwatia katika fungu moja na shomoro.

Kila mmoja ana urefu wa sentimita 9 hadi 10 na uzito wa gramu 10 hivi, na wote wawili wana kichwa cheusi, koo na kifua cheusi, tumbo jeupe na mkia mfupi mweusi. Kosa la kwanza huanzia hapo. Mtu huona kichwa cheusi juu ya tumbo jeupe, akaridhika na kuandika jina, ilhali ameangalia sehemu ambazo ndege wote wawili wanazo. Vinavyowatenganisha ni mgongo, bawa lililokunjwa, ubavu na mdomo, na ukiviona viwili kati ya hivyo vizuri, kwa kawaida huhitaji kingine.

Tongo kahawia mpevu ana mgongo wa rangi ya kahawia iliyofifia, kama majani makavu ya mnazi, na begani ana doa dogo jeusi linalong'aa kijani jua linapolipiga. Ubavu wake ni mweupe wenye mistari ya kahawia iliyokoza, na mdomo wake una rangi mbili: sehemu ya juu ni nyeusi, ya chini ni ya kijivu-buluu. Tongo mgongo-mwekundu mpevu ana mgongo wa rangi ya kutu iliyoiva, inayotengana na weusi wa kichwa kwa mpaka dhahiri. Bawa lake ni jeusi lenye vidoadoa vyeupe vidogo sana vilivyopangwa kama mishono, ubavu wake ni mweusi wenye magamba meupe, na mdomo wake wote ni wa kijivu-buluu. Mistari juu ya msingi wa mkia isikushughulishe, maana wote wawili wanayo.

Yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kama wanavyozieleza watu wa Malindi, Mpeketoni na Lamu wanaponionyesha picha zao au kunieleza walichokiona. Kila dalili ina sababu zake, nikianza na ile ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

Ndege anaonekana mweusi na mweupe tu, mgongo hauna rangi

Karibu kila mara sababu ni mwanga unaotoka nyuma ya ndege. Kwetu Malindi bahari iko mashariki, na mtu anayetembea asubuhi katika nyasi za nyuma ya ufuo huku akitazama majini analitazama jua lenyewe. Ndege aliye mbele yake hugeuka kivuli: kahawia na nyekundu zote huonekana nyeusi. Ukaguzi wa kwanza haugharimu chochote. Angalia kivuli chako mwenyewe. Kisipoanguka upande wa ndege, zunguka taratibu hadi kianguke upande huo, kisha tazama upya. Tongo hawaruki mbali wakisumbuliwa polepole. Mara nyingi huinuka kwa pamoja, wakatua hatua chache mbele na kuendelea kula.

Sababu ya pili ni kwamba ndege yuko juu yako. Akikaa kwenye waya au ncha ya mnazi, unaona tumbo, koo na mkia tu, yaani zile sehemu zisizosaidia kitu. Subiri ashuke. Ndege hawa hula mbegu wakiwa wameshikilia bua la nyasi au wakiokota ardhini, na akishuka chini ya usawa wa macho yako mgongo wote hufunuka.

Sababu ya tatu ni umbali, nao humsumbua hata mwenye darubini nzuri. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha kabisa kuona vidoadoa vya bawa kwa umbali wa mita 10 hadi 15, lakini kwa mita 40 vidoadoa hivyo hupotea na bawa huonekana jeusi tupu. Ikiwa huwezi kusogea karibu, acha mgongo na bawa, utazame ubavu. Ubavu mweupe uliochorwa mistari na ubavu mweusi uliotiwa magamba meupe hutofautiana hata katika mwanga hafifu, kwa sababu mmoja kwa jumla hung'aa na mwingine kwa jumla ni wa giza. Njia hii watu wengi hawaifahamu, na mimi huitegemea kuliko zote siku za mawingu ya masika.

Mgongo unaonekana mwekundu, lakini si mwekundu wa kuridhisha

Dalili hii ndiyo inayozalisha rekodi nyingi za makosa, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni jua la jioni. Kuanzia saa kumi na moja, mwanga wa pwani huwa wa manjano na baadaye wa rangi ya chungwa, na kahawia ya tongo kahawia huiva machoni mwa mtazamaji. Jioni moja karibu na Mambrui niliandika katika daftari langu kundi la tongo mgongo-mwekundu kumi na wanne waliokuwa wakila mbegu za nyasi kando ya shamba la mahindi. Nilikuwa na hakika. Nilirudi siku ya pili saa moja na nusu asubuhi, nikalikuta kundi pale pale kwenye nyasi zile zile, na kila mpevu niliyeweza kumtazama alikuwa na mgongo wa kahawia iliyofifia na mdomo wenye rangi mbili. Niliifuta rekodi ya jioni, na tangu siku hiyo sikubali wekundu wa mgongo uliotazamwa baada ya saa kumi na moja pasipo alama ya pili ya kuuthibitisha.

Sababu ya pili ni vumbi. Upande wa Magarini na Marafa udongo ni mwekundu, na ndege anayeoga vumbi njiani huinuka akiwa amepakwa rangi ambayo si yake. Kipimo chake ni chepesi: vumbi halichagui. Likiwa mgongoni, litakuwa pia tumboni, kwenye mashavu na juu ya mkia. Wekundu wa manyoya yenyewe una mpaka; huanza ghafla chini ya weusi wa shingo na hukoma kwenye vidoadoa vya bawa.

Sababu ya tatu ni kwamba ndege kweli ni tongo mgongo-mwekundu, lakini ni kijana anayebadilisha manyoya ya utotoni kuvaa ya utu uzima, na wekundu wake umetokeza kwa mabaka. Mtafute katika kundi mwenzake aliyekamilika. Akipatikana mmoja mwenye bawa la vidoadoa na mdomo wa kijivu-buluu wote, yule wa mabaka ana uwezekano mkubwa kuwa wa jamii hiyo, ingawa bado si uthibitisho, kwa sababu nitakayoieleza katika sehemu ya makundi mchanganyiko.

Ukaguzi wa mwisho, ambao hautegemei rangi ya jua wala ya udongo, ni bawa. Mwanga wowote uwao hauwezi kumtilia tongo kahawia vidoadoa vyeupe kwenye bawa. Vikionekana, suala limekwisha. Visipoonekana kwa mpevu aliye karibu na katika mwanga mzuri, basi wekundu ule ulikuwa wa jua au wa vumbi.

Ndege wote ni hudhurungi tupu, hawana kichwa cheusi wala alama yoyote

Hapa watu hudhani wamepata aina mpya. Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo yenyewe, ni kwamba ni vijana wa mwaka ule. Makinda wa tongo wote wawili hutoka kiotani wakiwa wamevaa manyoya yasiyo na mapambo, na mdomo wa giza usio na rangi mbili. Kijana wa tongo kahawia ni wa rangi ya udongo juu na rangi ya mchanga chini, na mkia wake ni mweusi zaidi kuliko mwili. Kijana wa tongo mgongo-mwekundu ana uvuguvugu wa wekundu mgongoni, kichwa chenye ukijivu na tumbo lililopauka. Kwa maandishi tofauti hizo ni wazi. Uwanjani ni ndogo kiasi kwamba mimi sizitegemei peke yake.

Dawa yake ni kungoja wazazi. Asubuhi moja, katika matete ya mdomo wa mto Sabaki, nilikaa mbele ya vijana watatu waliojibana kwenye bua moja hadi bua likapinda. Walikuwa kahawia, wamevimba, hawafanani na kitu. Baada ya muda mpevu mmoja akatua, na wa kwanza kati ya watatu hakupiga mbawa kama wanavyofanya makinda ya shomoro. Aliinamisha mwili wote, akakunja shingo upande na kuelekeza mdomo juu, na mpevu akaingiza mdomo wake ndani ya ule wa kinda na kutapika mbegu. Kwa sekunde kama nne hivi mpevu alikuwa upande wa jua: mgongo wa kahawia, begani cheche ya kijani iliyowaka na kuzimika, mdomo mweusi juu na wa buluu chini. Vijana wale watatu wakapata jina kwa njia ya mzazi wao. Namna hiyo ya kuomba chakula kwa kukunja shingo ni ya familia nzima ya tongo na jamaa zao, kwa hiyo ukiiona umeshawatoa shomoro na minana katika hesabu.

Sababu ya pili ni kwamba si tongo kabisa. Angalia kichwa kama kina michirizi. Majike ya fumbwe, na majike ya wale ndege ambao madume yao huvaa nyekundu na nyeusi wakati wa kuzaa, wana nyusi za rangi ya mchanga na michirizi mgongoni. Tongo kijana hana michirizi popote. Shomoro jike wa nyumbani, aliyejaa Malindi mjini na katika mji wa Lamu, ni mkubwa kwa kiasi kinachoonekana, na mgongo wake una michirizi myeusi. Ukienda bara zaidi, kwenye ukavu, kuna jamaa wa tongo mwenye mkia mrefu uliochongoka na mdomo wa kijivu-buluu tangu akiwa mdogo. Mkia huo ndio wa kutazama.

Ikiwa wazazi hawakuja na kichwa hakina michirizi, andika "tongo kijana, jamii haikutambulika". Rekodi ya namna hiyo ni halali.

Koo ni jeusi lakini utosi si mweusi

Hili ni la haraka. Ni shomoro dume wa nyumbani: utosi wa kijivu, mashavu meupe, kidevu na koo jeusi. Picha nyingi ninazoletewa kutoka vichochoro vya Lamu huwa ni yeye.

Mdomo haulingani na maelezo

Anza kwa kujiuliza umeuona mdomo kutoka upande gani. Ukitazamwa kutoka juu, mdomo wa tongo kahawia huonekana mweusi wote, kwa kuwa sehemu ya chini imefichwa; ukitazamwa kutoka chini huonekana wa buluu wote, na hapo ndipo mtu humhesabu kuwa tongo mgongo-mwekundu. Mdomo unasomwa kutoka ubavuni tu.

Kisha fikiria umri, kwa sababu mdomo wa kijana ni wa giza kwa jamii zote mbili, nao hupauka polepole kadiri anavyokua.

La tatu ni uchafu. Tongo kahawia hula pia nyuzi za mwani wa kijani kwenye maji yaliyotuama, na mtu anayemwona kandokando ya dimbwi anaweza kumkuta na mdomo wa kijani au uliopakwa tope. Subiri dakika chache. Ndege hawa huupangusa mdomo kwenye kitawi, upande mmoja kisha mwingine, na rangi ya kweli hurudi.

Ikiwa mdomo ni mkubwa kupita kiasi, mrefu na mzito kuliko kichwa kinavyostahili, na mwili nao umezidi sentimita 12, una jambo lingine mkononi. Kuna tongo wa tatu, Spermestes fringilloides, mwenye mgongo wa kahawia na doa jeusi kubwa ubavuni mwa kifua. Kumbukumbu zake pwani ya Kenya ni chache. Usiandike jina hili kwa kumbukumbu ya macho peke yake. Piga picha, na umwonyeshe mtu mwenye uzoefu kabla ya kuisambaza habari.

Kitabu au programu ya simu inatoa jina tofauti na ulilotarajia

Tatizo hili lina chanzo halisi katika ndege wenyewe. Spermestes bicolor wa Afrika Magharibi ana mgongo mweusi, hana wekundu wowote, na wale wa magharibi mwa Kenya wanafanana naye kuliko wa kwetu. Mgongo mwekundu ni wa upande wa mashariki, kuanzia pwani yetu kushuka hadi kusini mwa Afrika. Kitabu kilichochora ndege wa magharibi peke yake kitakuambia kwamba ndege uliyemwona Gede hayumo. Tafuta ukurasa huo huo kama una mchoro wa pili, au tazama kwenye faharasa jina la nigriceps. Kuwa ndege ni tawi au ni jamii kamili ni hoja ya wataalamu wa uainishaji, nayo haibadilishi unachotakiwa kukiona shambani.

Programu ya simu nayo hukosea kwa sababu nyingine: imepewa picha iliyopigwa dhidi ya mwanga, au picha ndogo iliyovutwa hadi ikawa ukungu. Simu nyingi pia huongeza uvuguvugu wa rangi zenyewe, na kahawia ikawa nyekundu bila mpigaji kujua. Piga picha tatu au nne kutoka ubavuni, kivuli chako kikiwa upande wa ndege, na usikate ukingo wa picha kabla ya kuituma. Jibu la programu lichukue kama dokezo, kisha ulipime kwa bawa na ubavu.

Aina mbili zimeonekana katika kundi moja

Wanachanganyika, hasa baada ya mvua nyasi zinapokomaa mbegu kwa pamoja, na ndiyo maana huwezi kumpa jina ndege mmoja kwa kumtazama jirani yake. Hesabu wale uliowaona vizuri, kila jamii kwa idadi yake, na waliosalia waandike kama tongo wasiotambulika.

Sauti husaidia kidogo. Tongo kahawia hutoa mlio mkavu wa kukwaruza anaporuka, na wa mgongo mwekundu hutoa mlio mwembamba zaidi na laini. Kundi la ndege thelathini likiinuka kwa pamoja masikio hayatoshi.

Ndege ana mabaka, kipara, au rangi zisizoelezeka

Sababu ya kawaida ni kubadilisha manyoya. Kijana anayevaa weusi wa kichwa huanza na madoa kwenye mashavu na kooni, na kwa wiki kadhaa huonekana kama aliyemwagiwa wino. Mpevu anayenyonyoka manyoya anaweza kuwa na kipara cha muda. Hali hizi hazihitaji tiba, na ndege huwa mchangamfu, anakula na kuruka na wenzake.

Sababu ya pili ni upungufu wa rangi wa kuzaliwa, unaoleta manyoya meupe bawani au kichwani, mara nyingi kwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Chotara liwe wazo lako la mwisho kabisa. Wengi huanza nalo. Nimeonyeshwa picha kadhaa za ndege waliodaiwa kuwa machotara, na kila aliyeonekana vya kutosha alikuwa kijana aliyefikia nusu ya safari ya kubadilisha manyoya. Dai la uchotara linahitaji ndege ashikwe mkononi na mtu mwenye kibali, apimwe na apigwe picha.

Ukiona uvimbe au vigaga kuzunguka macho, miguu au mdomo, hiyo si hitilafu ya rangi, huo ni ugonjwa. Usimshike. Kama ulikuwa ukiweka nafaka au maji kwa ajili ya ndege nyumbani, viondoe, osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni, na usiviweke tena kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kwa kuwa chombo kinachowakusanya ndege pamoja ndicho kinachowaambukiza.

Kiota kimepatikana, mwenyewe hajulikani

Umbo la kiota halitakusaidia. Jamii zote mbili husuka tufe la nyasi lenye mlango ubavuni, kwenye mti wa miiba, mlimau au mti wowote wa uani, na zote hutaga mayai meupe. Zaidi ya hayo, tongo kahawia hulala kwa pamoja ndani ya viota nyakati ambazo hawazai, hivyo ndege sita kutoka kwenye tundu moja alfajiri si dalili ya makinda. Angalia pia nyigu kabla ya kuinua mkono, kwa kuwa tongo kahawia huweza kujenga karibu na mzinga wao.

Kaa mbali, mita 15 au zaidi, umtazame anayeingia. Usitie kidole, usipanue mlango, usikate tawi ili upate picha. Wazazi huatamia kwa zamu kwa muda wa majuma mawili hivi, na mkono wa mtu unaweza kuwafanya waache kiota. Ikiwa baada ya dakika 20 hakuna aliyeingia, ondoka, urudi siku nyingine. Huenda wewe ndiye unayewazuia.

Dume na jike hawatofautishiki

Ni sawa, hawatofautiani kwa rangi katika jamii yoyote kati ya hizi mbili. Anayeimba akiwa amejinyoosha mbele ya mwenzake ni dume. Usimpe mmoja jina la jamii hii na mwingine jina la ile kwa sababu tu wamekaa wawili wawili.

Lini uache na umwite mtu mwingine

Acha mara moja ukikuta ndege wengi wamekufa au wanatetemeka mahali pamoja, hasa karibu na mashamba ya mpunga au mtama. Kwelea hunyunyiziwa sumu katika maeneo ya nafaka, na sumu hiyo haiwachagui kwelea peke yao. Tongo waliolala katika matete yale yale hufa nao. Usiwaguse kwa mikono mitupu, usiruhusu watoto wala paka wawakaribie, na ndege hao wasiliwe kwa hali yoyote. Vifo vya wingi vinaweza pia kuwa ugonjwa unaoambukiza kuku na hata watu. Andika mahali na saa, piga picha kutoka mbali, na umjulishe daktari wa mifugo wa serikali wa eneo lako pamoja na ofisi ya Huduma ya Wanyamapori Kenya iliyo karibu.

Acha pia ukiletewa ndege aliyenaswa kwa ulimbo. Watoto wetu bado wanautega, na anayeletwa huwa na mbawa zilizogandamana. Usimpake mafuta ya taa wala petroli, kwa kuwa vyote viwili vitamuua kupitia ngozi na mapafu, na usimvute manyoya. Mweke katika boksi la karatasi lenye matundu, gizani, mahali pasipo kelele, na umtafute daktari wa wanyama. Mwelezee pia kijana aliyemleta, kwa upole, kwamba kunasa na kufuga ndege pori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013. Nimeona mara nyingi kwamba kijana anayejua kutega ulimbo tayari anajua ndege hulala wapi na hula saa ngapi. Ukimwazima darubini kwa asubuhi moja, huenda akawa mtazamaji mzuri kuliko wewe.

Usijaribu kuwanasa ndege kwa wavu ili umalize ubishi wa jina lao. Kazi ya kunasa ndege na kuwavisha pete za utambulisho miguuni hufanywa na watu waliofunzwa na kupewa kibali; upande wetu huu, A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi la Watamu, imekuwa ikiifanya kwa miaka mingi. Ukiwa na picha ya ubavu, maelezo ya bawa, na saa ya kutazama, wataalamu wataweza kukusaidia bila ndege kuguswa.

Na kabla ya kutuma rekodi kwenye Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ulioanza mwaka 2013 na unaoigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, rudia maswali haya kwa kila tongo uliyemwandika. Jua lilikuwa wapi? Bawa lilikuwa na vidoadoa? Ubavu ulikuwa mweupe wenye mistari au mweusi wenye magamba? Mdomo uliuona kutoka upande gani? Pale ambapo huna jibu la angalau mawili kati ya matatu ya mwisho, futa jina na uache idadi peke yake. Rekodi iliyoingia kwa jina lisilo sahihi hubaki katika mraba ule, na mtu atakayekuja baada yako ataitumia kujua tongo mgongo-mwekundu wamesalia wapi pale vichaka vya Sabaki na kingo za msitu wa Arabuko-Sokoke vinapozidi kukatwa.